Tuta Kwanza, Bunduki Baadaye

Anayetaka bunduki ya kulengea shabaha kwa burudani huanza na swali la bei, na ana haki ya kuanza hapo. Mkulima wa pamba wa Kasoli, katika wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, huziona fedha za maana mara moja kwa mwaka, pamba ikishapimwa na kulipwa, na kila shilingi ina mwenyewe anayeisubiri: sare za shule, bati, ng'ombe wa mahari, mbegu za msimu ujao. Mtu wa namna hiyo akisema anataka bunduki nafuu, anasema jambo la maana. Kosa huja katika hesabu inayofuata. Bei ya dukani huchukuliwa kuwa ndiyo gharama ya mchezo, ilhali ni kipande chake tu, tena kipande kinacholipwa mara moja kikasahaulika. Zinabaki gharama za risasi, za kibali, za kabati la chuma la kuifungia na, juu ya zote, za mahali pa kupigia. Nikizipanga gharama hizi kwa uzito wake katika ardhi ya Kasoli, bunduki yenyewe huja mwisho, na tuta la udongo nyuma ya shabaha huja mwanzo. Mpangilio huo unanifikisha mahali ambapo wapenda bunduki wengi hawatapafurahia: bunduki nafuu kuliko zote kwa mtu wa Kasoli ni ile asiyoimiliki peke yake.

Risasi ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwe wa watu wa kawaida, kwa hiyo inastahili kutangulia. Risasi kubwa za kijeshi na za kuwindia zina fataki yake, kidude kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ndogo ya .22 haina kidude hicho. Kemikali ya kuwashia imewekwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini ya bunduki ikiugonga ukingo huo, baruti inawaka. Wazo hilo lilianza kwa Mfaransa Louis-Nicolas Flobert katika miaka ya 1840, likaingia sokoni Marekani mwaka 1857 kupitia Smith & Wesson, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ikatoa .22 Long Rifle, ile ile inayouzwa leo duniani kote. Ganda lake ni jembamba kwa sababu lazima libonyee likigongwa na pini, kwa hiyo haliwezi kuhimili baruti nyingi. Kichwa chake ni kipande cha risasi, yaani madini yenyewe, chenye uzito wa gramu 2.6 hivi. Likishatumika ganda hutupwa, maana halijazwi tena. Unafuu wake umezaliwa na udhaifu huo huo: malighafi kidogo, viwanda vinavyozitoa kwa mamilioni, mtutu usioungua haraka, teke ambalo bega halilisikii. Ndiyo maana mashindano ya Olimpiki ya mita 50 hupigwa kwa risasi hii, na tangu mwaka 1978 hata wale wanaoteleza juu ya theluji huku wakilenga shabaha wameachana na risasi kubwa wakaifuata hii. Duara la alama 10 katika mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, na .22 nzuri mikononi mwa anayejua hulipiga tena na tena. Anayedhani kwamba kitu kidogo ni cha watoto na alitazame duara hilo.

Jamaa zake za ukingo ni wa kuepukwa na mwenye mfuko mwepesi. .22 Magnum ya mwaka 1959 na .17 HMR ya mwaka 2002 zinaruka kwa kasi zaidi na kunyooka mbali zaidi, lakini bei ya kila mlio hupanda maradufu na zaidi, nazo ni adimu hata mijini. Tena haziingiliani. Anayeitia .22 Long Rifle katika chemba ya Magnum kwa kuwa namba zinafanana ataliona ganda limepasuka, na mvuke wa moto ukirudi nyuma unaelekea usoni kwake. Maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu husomwa yote, si namba mbili za kwanza tu.

Katika bunduki zenyewe, sioni sababu ya kuzunguka. Kwa burudani ya bei nafuu, ya kukoki kwa mkono kila risasi ndiyo ya kuchukua. Ile inayojikoki yenyewe, kama Ruger 10/22 iliyotoka mwaka 1964 na kuuzwa kwa mamilioni, ni bunduki nzuri, na sitamkejeli anayeipenda. Lakini inachagua risasi: ukiipa za nguvu ndogo inakwama, ukiipa chafu inakwama, na vumbi la Simiyu la mwezi wa Agosti haliipi raha. Halafu inakula. Magazini ya risasi 10 huisha kabla mpigaji hajajua ya kwanza ilipiga wapi, na hapo unafuu uliosifiwa kwenye risasi unapotelea kwenye haraka. Ya kukoki kwa mkono humlazimisha mtu asimame kati ya mlio na mlio, na katika nafasi hiyo ndogo ndimo ulengaji unamofundishika. Majina si siri kwa wanaofuatilia: Brno Model 2 ya Chekoslovakia na warithi wake CZ 452, 455 na 457, BSA za zamani za Birmingham, TOZ-8 za Tula, Urusi, na JW-15 ya China, ambayo ni nakala ya Brno, na ambayo mwenye haraka ya kudharau vitu vya Kichina angefanya vyema kuipima kwenye karatasi kabla ya kusema. Miongoni mwao hakuna iliyo mbovu kiasi cha kumzuia anayeanza. Tofauti ya bei kati ya ya chini na ya juu hununua mbao nzuri, kifyatuo laini na fahari, lakini hainunui utulivu wa mkono.

Iliyokwisha kutumika ni nafuu zaidi, na kwa .22 si hatari kama inavyodhaniwa, kwa sababu mtutu wake hustahimili makumi ya maelfu ya risasi. Kinachoua mtutu huo mara nyingi ni fimbo ya kusafishia, iliyosukumwa vibaya na kuukwaruza mdomo wake, mahali pale pale risasi inapoagana na chuma. Kwa hiyo mdomo hutazamwa kwanza, kwa tochi na kwa kucha. Halafu chemba: mtu aliyezoea kufyatua tupu, bila ganda ndani, ameifanya pini igonge ukingo wa chemba na kuacha kovu, na kovu hilo hufanya maganda yagome kuingia au kutoka. Ndani ya mtutu hutafutwa pete nyeusi, dalili kwamba risasi moja iliwahi kukwama na ya pili ikafuata. Zaidi ya yote hutafutwa namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshiriki wake, inataka kila silaha iwe na alama za kuitambulisha, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na bunduki isiyojulikana ilikotoka. Bunduki ya bei ya kutupa iliyofutwa namba ni kesi inayomsubiri mwenyewe. Hakuna bei inayoifaa.

Sasa tuitoe bunduki dukani tuipeleke shambani, kwani hapo ndipo hesabu inapogeuka. Risasi hii tuliyoiita ndogo, ikielekezwa juu kidogo na kuachiwa, husafiri zaidi ya kilomita 1.5. Ardhi ya Usukuma haikuumbwa kwa ajili ya kuipokea. Ni tambarare na mawimbi madogo ya ardhi, na kaya hazikukusanyika. Zimetawanyika kila moja katikati ya mashamba yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilijaribu kuzikusanya, na muda si mrefu watu wakarudi kwenye mashamba yao. Katika nyuzi 360 kumzunguka mtu aliyesimama shambani mwake, ni vigumu kupata upande ambao ndani ya kilomita moja na nusu hakuna mji, njia, kisima au zizi. Pamba na mtama vikishavunwa, eneo huonekana kuwa wazi na tupu, na utupu huo ni wa uongo: huo ndio wakati ng'ombe wanapoachiwa mabua, na penye ng'ombe pana watoto wanaochunga. Wapo watakaofikiria ngitili, yale malisho yaliyofungwa hadi kiangazi na ambayo mradi wa HASHI ulisaidia kuyafufua tangu mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo Bariadi ilikuwa ndani yake. Ngitili ina miti na majani, inaonekana kama pori. Lakini ndimo wanamoingia akina mama kuokota kuni na waganga kuchimba dawa, nao hawaonekani mpaka watoke. Miti haizuii risasi, inamficha tu aliye nyuma yake.

Wengine watasema kuna mawe. Kweli, mawe makubwa ya matale yamejaa Usukuma, na anayeona mwamba mkubwa kuliko nyumba hujiambia kwamba Mungu amemjengea ukuta wa bure. Ukuta huo ni mtego. Kichwa cha .22 ni laini na kina mwendo wa wastani, mita 330 hivi kwa sekunde, na kikigonga jiwe kwa mshazari hakivunjiki chote. Huteleza na kuruka kwa pembe ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Hali ni ile ile juu ya maji ya lambo, na juu ya udongo mweusi wa mbuga uliokaushwa na jua hadi ukawa sakafu. Kinachoisimamisha risasi kwa uhakika ni udongo mlaini usio na kokoto, uliorundikwa kwa wingi. Usukuma inao: ule wa kichanga ambao wenyeji huuita luseni, ulioko pande za juu za miinuko. Tuta la luseni lenye kimo cha mita 3 au zaidi, pana kuliko mstari wa shabaha, uso wake ukiwa umechekechwa mawe na mwinuko wake ukiwa mkali, ndilo jibu. Lielekezwe kaskazini au kusini, maana Bariadi iko karibu na Ikweta na jua la asubuhi na la jioni humpiga machoni anayetazama mashariki au magharibi. Kila baada ya mvua lirekebishwe. Pande zote ziwekwe bendera nyekundu na mtu wa kuangalia njia. Kazi hiyo ni ya trekta au ya majembe mengi kwa siku nyingi, na inahitaji ardhi isiyolimwa wala kulishiwa. Mtu mmoja akiibeba gharama hiyo kwa ajili ya bunduki moja, atakuwa amenunua burudani ghali kuliko gofu. Watu 40 wakiibeba, imekuwa nafuu.

Ndiyo maana nasema mchezo huu ukifika Kasoli ufike kama klabu, na bunduki ziwe za klabu. Uingereza ilipitia njia hiyo. Mwaka 1901, katikati ya vita vya Afrika Kusini, kilianzishwa chama cha klabu za bunduki za wafanyakazi, Society of Working Men's Rifle Clubs, kwa hoja kwamba fundi wa mjini hana uwezo wa kununua bunduki kubwa wala kusafiri hadi viwanja vya mbali, ila akipewa .22 na kiwanja kifupi cha karibu atajifunza. Lengo lao lilikuwa la kivita, nami silitaki. Simiyu haihitaji jeshi la akiba la burudani. Ila hesabu yao ilikuwa sahihi: bunduki chache, kiwanja kimoja, watu wengi, na kila mmoja analipia risasi anazopiga.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa anayeona kwamba ninamnyima mtu wa kijijini kile anachoruhusiwa mtu wa mjini. Pingamizi hilo lina mizizi ya kihistoria na silipuuzi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Waafrika wakabakiziwa chuma cha kizamani, wageni wakabaki na raifo. Gobole linalofuliwa na wahunzi hadi leo, na ambalo polisi hulikamata kila mara, ni mjukuu wa mpangilio ule. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bunduki nzuri kwa tajiri na bunduki ya pamoja kwa maskini ni Brussels nyingine, nitamsikiliza. Jibu langu ni kwamba risasi haimuulizi mpigaji kipato chake, na tuta ninalolidai kwa mkulima ninalidai kwa mfanyabiashara wa Bariadi mjini vile vile. Klabu pia haimpi mtu wa kijijini chuma cha pili kwa ubora. Inamfikishia CZ ile ile ambayo peke yake asingeifikia.

Tena silaha iliyo chini ya umoja si jambo geni huku. Sungusungu ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na pinde na mishale yake ilikuwa ya mtu mmoja mmoja lakini ilitoka kwa amri ya wote. Mwishoni mwa muongo huo sheria ikaitambua. Haikuwa safi: kuna watu walipigwa na kuuawa kwa tuhuma tupu, na anayeitaja kwa sifa pekee anaficha nusu ya habari. Ninachokichukua kwake ni kidogo, yaani kwamba kijiji cha Kisukuma kinajua kuweka daftari, zamu na adhabu kwa anayetumia silaha nje ya utaratibu. Kampuni za ulinzi nazo humiliki bunduki kama taasisi, zikatunza ghala na kuwaandikisha wanaozichukua na kuzirudisha. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, na mafunzo ya mgambo yana somo la shabaha. Tangu utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kupita JKT ulipofufuliwa mwaka 2013, wapo vijana vijijini waliokwisha kushika silaha chini ya mkufunzi. Ujuzi wa kuendesha kiwanja upo. Haujawahi kuombwa kwa ajili ya mchezo.

Pingamizi zito zaidi ni la ujangili. Pori la Akiba la Maswa linapakana na Serengeti upande wa kusini-magharibi, na mkoa wa Simiyu unaishi kando yake. Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, aliuawa humo majangili walipoifyatulia risasi helikopta yake. Baada ya tukio kama hilo, ofisa yeyote wa polisi mkoani ana sababu ya kukunja uso akiletewa ombi la bunduki, hata ikiwa ya .22. Atasema pia kwamba .22 haina kelele nyingi na inamfaa anayewinda swala usiku. Sitabishana naye. Nitamwonyesha tu kwamba nyama ya porini ya Serengeti hukamatwa zaidi kwa nyaya za mitego kuliko kwa risasi, na kwamba hofu yake ni hoja dhidi ya bunduki 40 zilizotawanyika katika nyumba 40 za tope, zikifungwa chini ya vitanda. Bunduki sita zilizoko katika ghala moja la chuma karibu na kituo cha polisi, kwa daftari lenye namba za risasi zilizotoka na maganda yaliyorudi, hazimsaidii jangili. Maganda ya .22 ni rahisi kuhesabu: uliyechukua 50 unarudisha 50, na lililopungua linatafutwa kabla watu hawajaondoka.

Lipo pingamizi moja ambalo nusu yake nalikubali. Mtu atauliza: kama ardhi ni hatari hivyo, kwa nini tusiishie kwenye bunduki ya upepo? Ya mashindano ya mita 10 hutoa nguvu ya jouli 7 au 8 hivi, ilhali .22 hutoa karibu 140. Hupigiwa hata ndani ya bwalo la shule, kijipande chake cha milimita 4.5 husimamishwa na sanduku lenye bamba la chuma, na risasi zake ni nafuu kupita .22. Alama 10 yake ni kitone cha nusu milimita, kwa hiyo ugumu haukupungua. Kwa anayeanza, naiona ni bora, na klabu ya Kasoli inaweza kukaa miaka miwili ya kwanza na hiyo tu huku tuta likijengwa. Asidhani tu kwamba kwa kuwa ni ya upepo haiwahusu polisi; aulize kituoni kabla ya kununua. Tatizo lake ni kwamba inapigwa ndani, hewa imetulia. Ikifika mita 100, .22 iliyorekebishwa kwa mita 50 huwa imeshuka sentimita 15 au zaidi, na upepo wa wastani wa kiangazi huisogeza kando sentimita 10 hivi. Kusoma upepo huo kwa vumbi, kwa majani, kwa joto linalocheza juu ya ardhi, ni nusu ya raha ya mchezo, na bwalo la shule halina upepo.

Kuhusu wale watakaosema kwamba haya ni anasa katika mkoa wenye mahitaji mengi, sina jibu refu. Mpira nao haujazi ghala, wala ngoma za Bagika na Bagalu, na hakuna anayezifuta. Lililo haki kuuliza ni kama anasa hiyo inamhatarisha asiyeshiriki. Kwa bunduki ya mtu binafsi bila tuta, ndiyo, inamhatarisha. Kwa tuta, vifaa vya masikio na macho kwa kila mpigaji (mlio wa .22 unakaribia desibeli 140, na sikio halioti tena), na maji ya kunawia mikono kwa sababu ya madini ya risasi, haimhatarishi.

Kwa hiyo anayepanga kununua bunduki nafuu Kasoli namwomba ageuze mpangilio wake. Aitafute kwanza ekari isiyolimwa yenye luseni karibu, awatafute wenzake 40, waende pamoja kwa serikali ya kijiji, kisha kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwa mshauri wa mgambo, wakiwa na ramani ya kiwanja mkononi badala ya orodha ya bei. Wakikataliwa, watakuwa hawajapoteza fedha yoyote ya pamba. Wakikubaliwa, JW-15 tatu na bunduki mbili za upepo zinawatosha kwa kuanzia.